Hapana Isiyo na Maelezo

Pale Kawangware inapokoma na nyumba za wenye nacho kuanza, pana ukuta mfupi wa mawe ambao haukujengwa ili ukaliwe. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya saa moja, wanawake wapatao ishirini huketi juu yake, kila mmoja na mfuko wake wenye leso, malapa na kipande cha mkate. Ni mama fua. Gari husimama, kioo hushuka, kidole humwonyesha mmoja, naye hupanda akaenda kufua, kupiga deki na kupanguza katika nyumba ambayo pengine hajawahi kuiona. Ikifika saa nne, waliosalia hukunja leso zao na kurudi walikotoka.

Kasiva Mbithi ameketi kwenye ukuta huo kwa miaka kumi na mmoja. Alizaliwa Mutomo, katika Kitui, akasoma hadi kidato cha pili kabla ya karo kumtoa shuleni. Alipofika Nairobi alipanga chumba Soweto West, Kibera, na humo akamzaa Muema, mwanawe wa pekee, ndiyo maana watu wote humwita Mama Muema. Baadaye alihamia Kawangware 46, si kwa kupapenda bali kwa sababu miguu yake ilikuwa imechoka kukata mabonde kila siku kwenda kazini na kurudi. Sasa ana miaka hamsini na miwili. Ni mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na hajawahi kuongoza chama wala kikundi cha kanisa. Lakini pale ukutani alianzisha somo, na somo hilo linastahili kuandikwa kwa sababu hakuna shule katika nchi hii inayolifundisha.

Aliwafundisha wenzake kukataa. Tena aliwafundisha kukataa kwa Kiingereza, na si Kiingereza cha vitabuni.

Asili ya somo hilo ni nyumba moja ya mawakili alikofanya kazi kwa miaka tisa kabla ya kuja ukutani. Alimlea binti wao, Wamaitha, tangu akiwa na miezi sita. Wazazi walikuwa wameamua mtoto asisikie lugha nyingine ila Kiingereza, uamuzi ambao ungestahili insha yake peke yake, na Kasiva alilazimika kujifunza pamoja na mtoto. Watoto wote wa umri wa miaka mitatu hukataa. Huyu alikataa kwa namna nyingi kuliko idadi ya nguo zake. Alisema "nope" akifunga midomo kwa kishindo mwishoni. Alisema "nah" kama mtu anayepiga mwayo. Alisema "uh-uh" bila kufungua kinywa kabisa, kichwa kikienda kulia na kushoto. Alipokua kidogo aliongeza "no way" na "not a chance," na alipoingia shule akaja na "I'm good," yaani imenitosha, ambayo siku ya kwanza ilimfanya Kasiva amjazie kikombe cha uji, akidhani mtoto anatoa habari za afya yake.

Kilichomshangaza Kasiva hakikuwa maneno. Kilikuwa jinsi maneno hayo yalivyopokelewa. Mama wa nyumba aliposikia "nope" alicheka, akaendelea na shughuli zake, na shauri likaishia hapo. Lakini Kasiva mwenyewe alipoombwa abaki Jumapili, na akasema kwa Kiingereza kizuri cha darasani kwamba anasikitika sana, hataweza kwa sababu Muema ana homa, shauri ndiyo kwanza lilianza. Je, Muema hana jirani wa kumwangalia? Je, homa ni kubwa au ndogo? Je, akiitiwa bodaboda ya kumrudisha jioni? Sababu zake zilichambuliwa moja baada ya nyingine kama mtu anavyochambua mchele, mpaka hakubaki na hata moja, na Jumapili akaenda kazini.

"Nilikaa jikoni nikafikiria," aliwahi kuwasimulia wenzake ukutani. "Yule mtoto hasemi kwa nini. Mimi nasema kwa nini. Na kila kwa nini ninayoitoa, mtu anaishika kama kipini cha sufuria, ananibeba nayo."

Huo ni uchunguzi wa mtu aliyeishia kidato cha pili, nao una ukweli kuliko hotuba nyingi za haki za wafanyakazi. Kiingereza tulichofundishwa shuleni, sisi watoto wa maskini, kilikuwa Kiingereza cha kuitikia. Tulisimama mwalimu alipoingia tukaimba salamu kwa pamoja. Tulifundishwa kuomba ruhusa, kushukuru, kuomba radhi na kueleza kwa nini tumechelewa. Hakuna siku hata moja tuliyosimama mstari mmoja tukafundishwa kusema hapana, kisha tukaketi. Kukataa kwetu kwa kila siku nako tumekuficha. Nairobi mtu hasemi hapana, husema "wacha nione," husema "nitakupigia," husema "kesho hivi." Kati yetu sisi kwa sisi tunaelewana. Lakini mwajiri mwenye haraka akisikia "wacha nione," yeye husikia ndiyo.

Kwa hiyo asubuhi zile za kungoja, kabla magari hayajaanza kuja, Kasiva aliwafanyisha mazoezi. Alijifanya mwajiri, wengine wakajibu.

"Auntie, ukimaliza nguo utaosha na hiyo gari nje."

"Nope," alijibu Nabalayo, mwanamke mnene kutoka Bungoma ambaye hucheka kabla ya wengine kuona kichekesho.

"Usinikunjie uso. Ukikunja uso ni vita. Sema kama unakataa sukari kwa chai."

"Nope."

"Hapo sawa. Sasa nyamaza. Usiongeze kitu."

"Aki, Mama Muema, ni ngumu kunyamaza," alisema Nabalayo. "Mdomo unawashwa."

"Uache uwashwe. Endelea kukamua nguo."

Aliyeshika somo upesi ni Ndululu, msichana wa miaka ishirini na mitatu kutoka Machakos, mwenye mtoto mchanga ambaye humwacha kwa jirani. Yeye alisema hakuona jipya. "Si hiyo ni zii tu imevaa suti?" aliuliza, na wote wakakubali kwamba ni kweli, zii, ile hapana ya vijana wa mtaani, na nah ya watoto wa wakubwa ni ndugu wa damu, nyepesi zote, fupi zote. Tofauti ni nani anayesamehewa. Mtoto wa ghorofani akisema nah, anajiamini. Mama fua akisema zii, ana kiburi. Kasiva hakutoa hotuba juu ya dhuluma hiyo. Alisema tu kwamba, ikiwa wanasamehe neno hili na lile hawasamehe, basi wao watatumia linalosamehewa.

Lakini yeye mwenyewe aliteleza mara moja, na haki inadai jambo hilo lisemwe. Alikuwa na kibarua cha kila Jumatano kwa Mzee Isaac, mwalimu mkuu mstaafu kutoka Kakamega, anayeishi peke yake katika nyumba yenye vitabu hadi chooni. Siku moja mzee alimwomba, baada ya kufua, apige pasi suti zake tatu za kanisa. Kasiva alikuwa amesimama tangu asubuhi. Akatabasamu akasema, "Nah, Mwalimu."

Mzee aliweka gazeti chini. "Umesema nini?"

"Nimesema nah."

"Mama, nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne. Hakuna mtu aliwahi kuniambia nah akabaki ndani ya darasa."

Na Kasiva hakubaki. Ukutani walimcheka wiki nzima. Nabalayo alimbatiza Madam Nah, jina ambalo bado hujitokeza. Kasiva alikubali kosa lake bila kulipaka rangi. Alikuwa amedhani kwamba Kiingereza ni kimoja kwa kila anayekisema. Mzee Isaac alikipata kwa kiboko, na neno jepesi masikioni mwake ni sawa na mwanafunzi kuweka miguu juu ya dawati. Tangu hapo somo lilipata sehemu ya pili: msikilize kwanza mwenye nyumba. Akiwakatalia watu wake kwa "nah," mkatalie kwa "nah." Akiwa mtu wa "hapana, asante," mpe hiyo hiyo kwa heshima zake zote. Lakini kwa vyovyote vile, usimpe sababu.

Sasa, mtu anaweza kuuliza kwa nini mwanamke mtulivu ajisumbue hivi kwa ajili ya gari la kuoshwa na suti za kupigwa pasi. Jibu linaketi kwenye kibanda cha omena, dagaa wa ziwani, huko Kisumu Ndogo, Kibera, na jina lake ni Musimbi.

Musimbi alikuwa jirani wa Kasiva Soweto West, na ndiye aliyemwonyesha ule ukuta. Miaka minne iliyopita, katika nyumba ya kupanga ya ghorofa tatu, mwajiri alimwambia apanguze vioo vya madirisha kwa upande wa nje. Jengo halikuwa na roshani wala kishikio. Musimbi alitoa mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama juu ya ukingo wa zege wenye upana wa shubiri moja, kitambaa mkono mmoja na fremu ya dirisha mkono mwingine. Fremu iling'oka. Alianguka juu ya paa la kibanda cha mlinzi, akavunjika nyonga, na hivi leo hatembei bila fimbo. Mwajiri alilipa hospitali ya siku ya kwanza. Hakuna aliyeshtakiwa, kwa sababu hakuna aliyeona kosa. Mama alikuwa amekubali mwenyewe.

Kasiva humtembelea baada ya ibada ya Jumapili. Katika mwezi wa Machi mwaka huu alimkuta akipima omena kwa mkebe, akamwuliza swali ambalo kwa miaka minne hakuwahi kuthubutu kuliuliza: alisema nini siku ile alipoambiwa atoke nje ya dirisha.

"Nilisema sawa," alijibu Musimbi, bila kuinua macho. "Hilo ndilo neno la mwisho nililosema nikiwa na miguu miwili mizima. Sawa, madam. Tena nikaongeza asante, sijui ya nini."

"Uliona ni hatari?"

"Mama Muema, mimi si kipofu. Niliona. Lakini ningesema aje? Kwa Kiingereza nilijua yes na sorry. Ile sorry nilikuwa nimeimaliza asubuhi, nilikuwa nimevunja glasi." Akacheka, na mteja aliyekuwa akingoja naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini.

Kasiva hakucheka. Siku iliyofuata, ukutani, alitamka jambo moja ambalo halikuwa zoezi. Alisema kwamba kuhusu gari, pasi na mbwa wa kuogeshwa, kila mtu ajiamulie. Lakini madirisha ya nje ya ghorofa, hakuna mtu atoke. Na akikataa mmoja, asiende mwingine mahali pake, kwa kuwa hapana ya mtu mmoja ni nafasi ya kazi kwa mwenzake. Waliitikia wote. Kuitikia si kazi, tumefundishwa vizuri.

Mtihani ulikuja mwezi wa Mei. Siku za Jumanne na Ijumaa Kasiva alikuwa na kazi ya kudumu kwa Naftaly na mkewe Annet, vijana wanaofanya kazi kwa tarakilishi nyumbani, ghorofa ya sita. Walikuwa watu wema. Walimpa chakula walichokula wenyewe, na walizungumza naye na wao kwa wao kile Kiingereza chepesi alichokijua kutoka kwa Wamaitha. Siku mbili za uhakika kila wiki ni jambo ambalo kila mwanamke pale ukutani angeliombea; zilikuwa ndizo zinazomlipia Kasiva chumba chake.

Jumanne hiyo Annet alikuwa na wasiwasi. Wazazi wake walikuwa wakija Jumamosi kutoka Busia kuiona nyumba kwa mara ya kwanza, na ng'ambo ya barabara palikuwa pakijengwa jengo jipya. Vumbi lilikuwa limevipaka vioo rangi ya chai ya maziwa. Alimpa Kasiva ndoo na kitambaa.

"Auntie, leo tuanze na madirisha. Ndani na nje. Ukikaa hapo kwa ukingo, mguu mmoja ndani, unafikia zote."

Kasiva aliangalia nje. Chini, watu walikuwa wadogo kama njugu. "Ndani, sawa," alisema. "Nje, nope."

Annet alicheka, kama mama yake Wamaitha alivyokuwa akicheka, halafu akaona kwamba ndoo imewekwa chini. "Lakini yule tuliyekuwa naye kabla yako alikuwa anatoka tu."

"Uh-uh," alisema Kasiva, akaanza kupanguza kioo kwa ndani.

Naftaly aliitwa kutoka kwenye meza yake. Alikuwa bado na vipokea sauti shingoni. Alisema ni kazi ya dakika tano, kwamba hakuna upepo, kwamba yeye mwenyewe atamshika miguu. Alisema hivyo kwa upole, na upole ni mgumu kuukataa kuliko ukali. Kasiva alihisi sababu zikimpanda kooni: Musimbi, nyonga, fremu iliyong'oka. Angeweza kuzieleza zote, na hawa wangezijibu zote; fremu zetu ni mpya, auntie, mkandarasi wetu ni mzuri.

"Nah," alisema. "I'm good."

Walitazamana mume na mke. Kisha Naftaly alisema, bila kupandisha sauti, kwamba basi hakuna haja ya kumpotezea siku. Watatafuta mtu mwingine anayeweza kazi yote. Alimlipa siku hiyo nzima, na hilo nalo litajwe kwa haki. Kasiva alivua leso, akaikunja, akashuka ngazi za ghorofa sita.

Alijua mtu mwingine hutafutwa wapi. Kutoka pale hadi ukutani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na gari la Naftaly lilimpita akiwa hajafika hata nusu. Hakukimbia. Aliwaza juu ya Ndululu, ambaye alikuwa amekaa siku nne bila kuitwa na ambaye asubuhi hiyo, Kasiva akipita ukutani, alikuwa amesema maziwa yake yanakauka kwa njaa. Aliwaza pia kwamba ukuta si chama, haukuandikishwa mahali, na kwamba "ndiyo" waliyoitikia mwezi wa Machi ilikuwa ya bure.

Alipofika, gari lilikuwa limesimama na kioo kimeshuka. Naftaly alikuwa akimwambia Nabalayo habari za madirisha.

"Ya ndani ama ya nje?" aliuliza Nabalayo.

"Yote."

"Nope," alisema Nabalayo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kujifunza, hakuongeza kitu. Midomo yake ilitetemeka kwa juhudi hiyo.

Mwanamke aliyekaa kando yake alitikisa kichwa tu. Wa tatu alisema "nah" na kumrudia jirani yake waliyekuwa wakizungumza naye habari za bei ya unga. Naftaly alionekana kuchanganyikiwa zaidi kuliko kukasirika. Hapo Ndululu akainuka, akajifuta vumbi, akalisogelea gari. Kasiva alikuwa amesimama hatua chache nyuma. Hakuwa na haki ya kumwamuru mwenye mtoto mwenye njaa, na alilijua hilo.

"Ni ghorofa ya ngapi?" aliuliza Ndululu.

"Ya sita. Lakini ni dakika tano tu, na ninakushika."

"Na wewe boss, ushawahi kukaa hapo nje ukapanguza?"

Naftaly alicheka. "Mimi? No way," alisema, jinsi mtu anavyosema akiulizwa kama amewahi kula mjusi.

Ndululu alingoja kidogo, kana kwamba huenda likafuata neno jingine, sababu pengine, au samahani. Halikufuata.

"Basi hata mimi," alisema. "No way." Akarudi akaketi.

Wanawake hawakushangilia. Nabalayo peke yake alitoa sauti ndogo ya puani. Naftaly alishika usukani, akamwona Kasiva, na kwa kitambo ilionekana kama anataka kusema naye. Alipandisha kioo akaondoka.

Wapendao hadithi zenye thawabu watauliza kama Kasiva alirudishiwa kazi. Hakurudishiwa. Alikosa Jumanne na Ijumaa zake mwezi mzima wa Juni, akahama chumba chake akaingia kingine kidogo zaidi, humo humo Kawangware 46. Ndululu alipata kufua mahali pengine siku ya pili, kwa bahati tu. Hakuna sheria iliyobadilika. Majengo yale yanaendelea kujengwa bila kishikio hata kimoja, na wanaoyaidhinisha wanaketi katika ofisi ambazo vioo vyake, bila shaka, vinang'aa.

Siku hizi Kasiva ana kibarua kipya cha Alhamisi, na njia yake hupita chini ya ghorofa ya Naftaly na Annet. Kila anapopita hutazama juu. Vioo vya ghorofa ya sita bado ni rangi ya chai ya maziwa, na ukingoni mwa kila kimoja, upande wa kufungulia, pana duara dogo jeupe, mahali ambapo mkono wa mtu aliyekaa ndani uliweza kufika bila kutoka nje.